Miezi mitano ya neti ya kutambaa, kumbe shida ilikuwa ukutani

Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja aliyehamia kijijini huku Uingereza kanipigia analalamika neti ya nyumbani inatambaa, na kabla hajamaliza nikamuuliza, umeshanunua busta ya waifai? Akasema ndio, mbili. Roho iliniuma kweli maana najua hiyo njia inakoelekea, mimi nimeipita yote na pesa nimeziacha humo, kwa hiyo naandika hapa kwa yeyote ambaye intaneti yake inapita kwenye waya wa simu, usome kabla hujatoa hela.

Sisi tulihama London Septemba 2019, mimi na mke wangu na watoto wawili, tukaenda Norfolk, nimepata kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Nyumba tuliyopanga iko mwisho wa kijiji, barabara nyembamba, mashamba kushoto na kulia, waya wa simu unakuja juu ya nguzo za mbao mpaka kwenye ukuta wa nyumba. London tulikuwa na neti nzuri hata hatukuwa tunaifikiria. Huku nikaingia mkataba wa miezi 18, kampuni siitaji jina, kifurushi kimeandikwa "hadi megabiti 17". Hilo neno "hadi" sikulipa uzito wowote.

Jumapili ya kwanza nikampigia mama Tanga kwa video. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu picha ikaganda. Namsikia anasema "mbona umenyamaza, upo?" na mimi naongea hapa kwa nguvu zote, hanisikii. Tukaendelea hivyo Jumapili baada ya Jumapili mpaka ikafika mahali mama akaanza kusema basi mwanangu usisumbuke, nitumie tu sauti. Hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko masomo yangu ya jioni yaliyokuwa yanakwama, kuliko watoto kulia katuni haziendi.

Sasa makosa yangu, nayataja kwa mpangilio. Oktoba nilinunua busta ya waifai, pauni 38. Mawimbi yakajaa mpaka chooni, spidi ile ile. Novemba nikapiga huduma kwa wateja, nikakaa kwenye simu karibu saa nzima, dada wa upande wa pili akanishauri nipande kifurushi cha juu, pauni 6 zaidi kila mwezi. Nikapanda. Spidi ile ile, kwa sababu kifurushi kipya kilikuwa kinapita kwenye waya ule ule. Januari nikanunua ruta mpya ya pauni 72 yenye antena nne. Spidi ile ile. Na kosa kubwa kuliko yote, ambalo halikunigharimu hata senti lakini ndilo lililoniumiza zaidi, kila neti ikiwa nzito nilikuwa naizima ruta na kuiwasha. Asubuhi, mchana, usiku, siku nyingine mara sita saba. Nitalirudia hili chini.

Aliyenifungua macho ni mfanyakazi mwenzangu, mzee wa Kiingereza aliyefanya kazi za nyaya za simu ujanani. Tulikuwa tunakunywa chai zamu ya usiku nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza kitu kimoja tu: ruta yako inasema imeungana na eksichenji (jengo la kampuni ya simu ambako nyaya za eneo zima zinaishia) kwa spidi gani? Sikujua. Nilikuwa napima kwa simu, nimelala kitandani, kwa waifai, kwenye zile tovuti za kupima spidi. Akaniambia hiyo ni sawa na kupima maji ya bombani kwa kuangalia ndoo ya jirani. Kuna spidi mbili, ya kwanza ni ile ruta inayokubaliana na mashine iliyoko eksichenji kwenye ule waya wa shaba, ya pili ndiyo hiyo inayokufikia kwenye simu yako baada ya kupita waifai na kugawana na wenzako ndani. Ya pili haiwezi kuzidi ya kwanza hata ufanyeje. Kwa hiyo unaanza na ya kwanza.

Nikarudi nyumbani asubuhi, nikachukua laptopu, nikaandika namba ya ruta kwenye kivinjari (yangu ni 192.168.1.1, ya kwako angalia stika iliyobandikwa chini au nyuma ya ruta), nikaingia kwenye ukurasa wa hali ya laini. Namba nne nikazinakili kwenye karatasi. Kushuka (kuja kwangu) 1,152. Kupanda (kutoka kwangu) 448. Kelele, desibeli 15. Kupungua kwa mawimbi, desibeli 58.

Nieleze hizi namba kama nilivyoelezwa mimi, maana ukizielewa hakuna fundi wala mtu wa huduma kwa wateja atakayekuzungusha. Hiyo 1,152 ni kilobiti kwa sekunde, yaani megabiti moja na kidogo. Na biti siyo baiti, baiti moja ina biti nane, kwa hiyo ukigawanya kwa nane unapata kilobaiti 144 kwa sekunde, na faili la megabaiti 700 linakula saa moja na nusu hivi, hapo mtu mwingine asiguse neti. Ile 448 ya kupanda ndiyo inayobeba sura yako na sauti yako kwenda kwa mwenzako, ndiyo maana mimi nilikuwa namsikia mama na yeye hanisikii.

Kupungua kwa mawimbi kunakuambia uko mbali kiasi gani. Waya wa simu ulitengenezwa kubeba sauti ya mtu, sauti inakaa chini kabisa, haifiki hata kilohezi 4. Intaneti ya aina hii inapanda juu mpaka megahezi 2.2, na hayo mawimbi ya juu ndiyo yanayochoka haraka njiani. Mtu wa mita 500 kutoka eksichenji anayapata yote. Wa kilomita nne kama mimi anabaki na yale ya chini tu. Kwa hesabu ya haraka kila kilomita inakula desibeli 14 hivi, kwa hiyo 58 yangu ilikuwa inasema kilomita nne na ushee. Megabiti 17 nilizoandikiwa kwenye kifurushi zisingefika pale kwangu hata kama kila kitu kingekuwa kizima, na hilo ningelijua siku ya kwanza nisingekuwa na hasira zile.

Ile ya kelele ndiyo inayochanganya watu wengi, kwa sababu jina lake linafanya uone namba kubwa ni mbaya. Ni nafasi iliyobaki kati ya sauti ya intaneti na kelele zilizopo kwenye waya. Fikiria uko stendi ya mabasi, makonda wanapiga kelele, unaongea na mwenzako. Ukiongea polepole kwa neno moja moja atakusikia hata kelele zikiongezeka. Ukiongea haraka haraka, kelele ikipanda kidogo tu anapoteza. Kawaida mfumo unaacha nafasi ya desibeli 6. Mimi nilikuwa na 15, yaani laini yangu ilikuwa inaongea polepole kupita kiasi, kama mtu anayeogopa kukatwa kauli.

Na kwa nini ilikuwa inaogopa? Hapa ndipo mzee aliponiambia kitu kikanikaa moyoni. Kule eksichenji kuna programu inaangalia laini yako usiku na mchana, ikiona inakatika katika inaamua hii laini ni mbovu, inaongeza nafasi ya kelele na kukata spidi ili itulie. Mara nyingi programu haijui kama laini imekatika yenyewe au wewe umechomoa waya. Ile zima washa yangu ya miezi mitano nilikuwa naishitaki laini yangu mwenyewe kila siku, na kila siku inahukumiwa. Jamani, acheni kuzima ruta hovyo. Iache iwake usiku na mchana, na kama lazima uizime, zima mara moja, subiri nusu saa.

Sasa ndani ya nyumba. Akaniambia tafuta soketi kuu, ile ya kwanza ambapo waya wa nje unaingia. Kwangu ilikuwa kwenye korido karibu na mlango, nyuma ya kabati la viatu, na ruta yangu ilikuwa sebuleni kwenye soketi nyingine ya ekstensheni. Soketi kuu nyingi za huku zina mstari katikati, nusu ya chini inashikwa na skrubu mbili. Ukizifungua hiyo nusu inatoka, na ndani unakuta tundu lingine dogo, la kupimia. Ukichomeka ruta pale umezikata nyaya zote za ndani ya nyumba, umebaki wewe na laini ya kampuni peke yenu.

Nilikaa chini kwenye zulia la korido na tochi ya simu mdomoni, nikafungua. Nyuma ya ile sahani kulikuwa na nyaya nyembamba zimebanwa, bluu yenye mistari myeupe, nyeupe yenye mistari ya bluu, na moja ya rangi ya machungwa kwenye namba 3. Hiyo ya machungwa ncha yake ilikuwa na ukijani kama sarafu ya zamani. Nikachomeka ruta kwenye tundu la kupimia kwa filta mpya (kidude kinachotenganisha sauti ya simu na intaneti), nikasubiri taa zitulie, dakika tatu. Nikafungua ukurasa. Kushuka 2,240.

Niliita mke wangu aje aone. Miezi mitano, pauni 130 hivi ukijumlisha busta na ruta na nyongeza ya kifurushi, na spidi karibu mara mbili imetoka kwenye kutembea hatua tano mpaka koridoni.

Ule waya wa namba 3 ulikuwa kazi yake kupigisha kengele kwenye simu za zamani. Simu za sasa haziuhitaji, lakini ukiwepo unazunguka nyumba nzima kama antena, unavuta kila kelele ya umeme na kuiingiza kwenye laini. Wengi wakiutoa tu wanapata nafuu. Mimi nyumba siyo yangu, kwa hiyo nilimpigia kwanza mama mwenye nyumba nikamweleza, akakubali, akasema ekstensheni ya chumbani haijatumika miaka. Na uangalifu, nyaya za nyuma ya ile nusu ya chini ndizo za kwako, nyaya zinazoingia upande wa juu ni mali ya mtandao, usiziguse. Waya wa simu una umeme wa volti 50 hivi na simu ikiita unapanda zaidi ya hapo, siyo wa kuua lakini utashtuka.

Tukagundua pia chumbani juu kulikuwa na simu ya zamani imechomekwa nyuma ya kitanda, haina filta, hata hatukujua ipo. Kila kitu kinachochomekwa kwenye laini lazima kiwe na filta, simu, faksi, alamu ya wezi, king'amuzi, vyote. Kimoja tu kisipokuwa nayo kinaharibu kwa wote. Mwisho nikanunua sahani ya soketi yenye filta ndani yake, pauni 11, ikamaliza habari yote ya vifilta vinavyoning'inia. Kutoka koridoni mpaka mezani nikapitisha kebo ya mtandao ya mita 10, pauni 6. Watu wanafanya kinyume, wanarefusha waya wa simu ili ruta ikae sebuleni. Refusha kebo ya mtandao, yenyewe haipotezi kitu kwa urefu wa nyumba, waya wa simu uwe mfupi kadiri unavyoweza.

Jambo la redio lilinifurahisha mno. Mzee alinipa redio yake ndogo ya betri, akasema weka masafa ya kati, kilohezi 612, mahali pasipo na stesheni, halafu tembea nayo ndani ya nyumba. Nikatembea. Jikoni kimya, koridoni mvumo mdogo, nikafika nyuma ya tivii ikalia brrrrr, nikachomoa vitu kimoja kimoja, ilikuwa adapta ya king'amuzi cha zamani. Nikaibadilisha, nafasi ya kelele ikaongezeka desibeli mbili. Na ujue usiku mrefu wa baridi stesheni za mbali za masafa ya kati zinasikika zaidi, na zinatumia mawimbi yale yale ya laini yako, kwa hiyo jioni ikizidi kuwa nzito siyo lazima kuna kitu kimeharibika kwako.

Ilibaki shida ya mvua. Siku ikinyesha laini inakatika. Mzee akaniambia chukua simu ya mezani ya kawaida, piga 17070, chagua namba 2, sikiliza. Hiyo ni namba ya kupimia laini, unatakiwa usikie kimya kabisa. Mimi nikasikia chrrr chrrr kama vitumbua vinamiminwa kwenye mafuta. Hapo akanipa ushauri ambao ningeulipia: usiripoti kwamba intaneti ni taratibu, ripoti kwamba simu ina kelele. Ukisema intaneti ni taratibu wanaanza na wewe, washa, zima, badilisha filta, wiki mbili zinapita. Ukisema sauti ya simu ina kelele hiyo ni hitilafu ya laini yenyewe, na wanaweza kuipima wakiwa kule kule.

Waliniambia fundi akikuta tatizo liko ndani ya nyumba nitalipa pauni 65, na zamani ningeogopa nikaghairi. Lakini nilishapima kwenye tundu la ndani, kelele ipo, nyaya zangu zote zimekatwa, kwa hiyo nikasema mtume. Siku ya kwanza hakuja, nikapoteza siku ya kazi. Kuna utaratibu ulioanza Aprili 2019 kwa kampuni zilizojiunga, fundi asipotokea unalipwa fidia bila kuomba, wakati ule ilikuwa pauni 25, na mimi ziliingia kwenye bili. Akaja wiki iliyofuata, kijana mpole, akapanda nguzo, akashuka na kipande cha jointi mkononi akanionyesha, shaba imeliwa imebaki unga wa kijani, maji yalikuwa yanaingia. Akaunga upya. Piga 17070, kimya.

Nikapiga huduma kwa wateja nikaomba wairudishe ile nafasi ya kelele kwenye 6. Wa kwanza alisema hakuna kitu kama hicho. Nikakata kwa adabu nikapiga tena kesho yake, wa pili akaelewa mara moja, akaomba nisiguse ruta siku 10. Sikuigusa. Siku ya kumi na moja nilisoma 4,096 kushuka, 880 kupanda, kelele 6, kupungua 55.

Megabiti nne siyo nyingi, najua. Lakini Machi 23, 2020 nchi ilipofungwa watoto walisomea nyumbani kwa hizo hizo nne, kwa kupangiana, na simu zote tulizizuia zisipandishe picha zenyewe, maana njia ya kupanda ikijaa hata kushuka kunakwama. Hilo nalo wengi hawalijui, unalaumu laini kumbe simu ya mtoto inapandisha video za juzi.

Kitu kingine nilichokigundua nimechelewa ni kwenye ile barua pepe ya mkataba. Tangu Machi 1, 2019 kampuni zilizosaini kanuni za mdhibiti, Ofcom, zinatakiwa zikutajie spidi ya chini wanayokuhakikishia kabla hujanunua. Yangu ilikuwa imeandikwa, 1.8. Mimi nilikuwa napata 1.1 miezi mitano! Ukiwa chini ya hiyo unawaambia, wana siku 30 kurekebisha, wakishindwa unaondoka bila faini. Itafute hiyo barua pepe leo, isome.

Na niwe mkweli, waya wa kilomita nne una mwisho wake. Kama dirishani kwako 4G inashika vizuri, ruta ya laini ya simu ya mkononi inaweza kukufaa zaidi, kwetu ilikuwa inashika kamstari kamoja tu. Sisi mkataba ulipoisha Machi 2021 kabati la kampuni ya simu pale kona ya barabara, sanduku la chuma ambamo nyaya za mtaa zinaungana, lilikuwa limeshaletewa faiba, kwa hiyo shaba ikabaki mita 900 tu, tukahamia, tukapata megabiti 24. Kabla ya kuhama nilipima, na soketi ile ile ya koridoni na ile sahani ya pauni 11 ndizo zinafanya kazi mpaka sasa. Huku Uingereza laini za simu za kizamani zinatakiwa zizimwe Januari 2027, ila kwa walio kwenye kabati kama sisi kipande cha shaba bado kitakuwepo mpaka faiba ifike mlangoni, na nyumbani Afrika Mashariki bado wapo wanaotumia waya wa simu, namba ni zile zile, desibeli hazina nchi.

Ile karatasi ya kwanza niliibandika ndani ya mlango wa kabati la viatu, na kila mwezi naongeza mstari, tarehe, kushuka, kupanda, kelele, kupungua. Mwisho wa mistari ya Februari 2020 mke wangu aliandika kwa kalamu nyekundu, "mama kaona meno mapya ya mtoto", maana Jumapili ile tuliongea dakika arobaini na picha haikuganda.